Kufuli la Bustanini

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi Kufuli kwenye mkeka, katikati ya bustani ya mtaa, kikombe cha chai kimekaribia mdomo, na nyuma ya ua wa michongoma sauti ya mwanamke ikauliza:

"Fundi! Bado unawafungia watu milango?"

Kikombe hakikufika mdomoni. Chai yote iliishia kwenye suruali ya kijivu aliyopigiwa pasi asubuhi.

"Mama yangu weee!" Fundi akaruka.

Mkewe alidhani ni moto wa chai. Mwanamke wa nyuma ya ua akajitokeza: gauni la zambarau, mkoba mkubwa kwapani, kilemba kimebanwa kwa pini ndefu yenye ushanga mwekundu.

"Wewe!" akasema Fundi.

"Mimi," akasema yule, akajikaribisha mkekani.

Ticha, binti wa Fundi, mwalimu wa chekechea, alibaki mdomo wazi. Alijua kwamba leo shangazi wa mchumba wake atapita hapa. Hakujua kwamba shangazi huyo na baba yake wanajuana.

"Kwani mnafahamiana na Shangazi?" akauliza.

"Shangazi wa nani?" Fundi akafoka.

Hapo Mama Ticha akaanza kukata mkate ambao ulikuwa umeshakatwa.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikunong'oneze. Fundi anaamini familia imekuja bustanini kumpungisha upepo mama yake, Bibi, aliyetoka kuugua juzijuzi. Uongo mtupu. Mkewe na bintiye wamemleta ili akutane na Mwokaji, kijana wa kiwanda cha mikate anayetaka kumwoa Ticha. Fundi ameapa hatampa binti yake mwoka mikate. Sababu? Mwoka mikate anafanya kazi usiku, na nyumba isiyo na mwanamume usiku ni karamu ya wezi. Ndivyo mafundi wa kufuli wanavyouona ulimwengu, usiniulize mimi.

Na kesho alfajiri Mwokaji anahamia mji mwingine kusimamia tanuri jipya. Baba asipokubali leo, Shangazi ameshasema atanawa mikono. Kwa hiyo ni leo au basi.

"Mimi ni shangazi wa kijana anayemtaka binti yako," Shangazi akajibu, bila kuzunguka mbuyu. "Mtoto wa kaka yangu. Yuko wapi?"

Wakatazamana.

"Si mlikuwa mje pamoja?" akauliza Ticha.

"Alitangulia! Alikuja mbio na keki, akaniambia anatafuta kivuli cha kuiweka isiyeyuke. Hajafika?"

Ticha akatoa simu, akapiga. Simu ikaita karibu mno. Ikaita ndani ya mkoba wa Shangazi.

"Alinipa nimshikie," akasema Shangazi, sauti imepungua. "Mikono yote ilikuwa kwenye keki."

Fundi alipoelewa kilichokuwa kikiendelea, kwanza alikasirika. Halafu alipoelewa kwamba kijana hayupo, alifurahi kuliko alivyokasirika.

"Ameingia mitini!" akapiga paja lililolowa. "Kaniona kwa mbali, kageuza! Na huyo ndiye wa kunilindia mtoto? Mwizi akija si ataachiwa na chai?"

"Baba, hawezi kukimbia," Ticha akasema, lakini machozi yalikuwa yameshafika kwenye kope.

"Polepole mtamwamsha Bibi," Mama Ticha akawakanya. Pembeni, chini ya kivuli, Bibi alikuwa amelala, shuka limefunika mpaka kichwa. Hakuna aliyemgusa tangu walipomaliza kula.

Kisha Mama Ticha akaweka kisu chini. "Baba Ticha. Wewe na dada huyu mnajuana wapi?"

"Aah, zamani. Mambo ya biashara."

"Biashara!" Shangazi akacheka kwa pua. "Dada yangu, huyu alikuja kwetu kunichumbia."

Fundi alitazama majani. Ticha alimtazama baba yake. Mama Ticha hakumtazama mtu. Alikuwa anafuta kisu, upande huu na upande ule, ingawa kilikuwa safi.

"Hukuwahi kuniambia," akasema taratibu.

"Lilikuwa jambo lisilofika popote! Nilikwenda kwao, nikanywa chai, kesho yake nikaletewa ujumbe nisirudi. Mpaka leo sijui nimekosa nini. Wakaniona mimi fundi, sifai."

"Hujui ulichokosa?" Shangazi akasimama. "Wewe ulimfungia baba yangu bafuni!"

"Mimi?"

"Mzee wa watu alikuwa anaoga ili aje kukupokea. Mlango wa bafu ulikuwa na kufuli la nje, la kuzuia watoto wa jirani. Ukapita pale kunawa mikono, ukafunga, ukarudi sebuleni ukakaa ukatafuna biskuti! Baba kapiga kelele huko, sisi redio iko juu, hatusikii. Ametolewa wageni wameshaondoka, sabuni imemkaukia masikioni. Akasema, kijana aliyenidharau hivi nikiwa na taulo, haniolei binti."

"Mimi sifungifungi vitu ovyo!" Fundi akang'aka. "Mimi ni mtu wa kazi!"

Wakati huo mtunza bustani akawafikia. Mtaani wanamwita Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake asubuhi, mchana imeshafika kwa muuza mkaa. Alikuwa amebeba mnyororo wa lango begani na kufuli lake mkononi, wazi. Akavitua kwenye benchi.

"Samahani wazee. Kuna mtu kanifungia stoo. Niliacha kufuli linaning'inia tu."

"Unaona?" Fundi akamgeukia Shangazi, huku mkono wake ukiokota lile kufuli la kwenye benchi. "Vitu vinafungwa na watu mbalimbali! Huwezi kuniambia eti mimi, fundi mzima, nipite kwenye kufuli lililo wazi halafu mkono wangu wenyewe..."

Ka!

Kufuli lilikuwa limefungwa. Fundi akalitazama kiganjani mwake. Na wenzake wakalitazama. Hata Redio, ambaye hakujua kinachozungumzwa, alitazama.

Ticha akamgeukia baba yake. "Baba. Ulipotoka msalani kabla ya chai, ulipita wapi?"

"Kwenye... pale nyuma..."

"Kwenye stoo," akamalizia Redio.

Shangazi akaweka mkono kifuani. Kwanza ilikuja hasira, ikageuka mshangao, na mwishoni kikaja kicheko alichojaribu kukimeza kikamshinda. Miaka yote hiyo aliamini amedharauliwa. Kumbe ni vidole tu! Mtu anafunga makufuli kama wengine wanavyojikuna.

"Keki," akasema. "Alitafuta kivuli cha keki! Mtoto yuko stoo!"

"Mwamshe Bibi, tusimwache peke yake," Mama Ticha akamwambia Ticha.

Ticha akavuta shuka. Chini yake palikuwa na kapu la vyombo na mto wa kochi.

"Bibi hayupo!"

Walikimbia. Fundi mbele, suruali imemgandia, Shangazi nyuma kashika kilemba, Redio akikimbia kinyumenyume ili asipitwe na lolote.

Stoo ilikuwa nyuma ya vyoo, kibanda cha matofali cha kuwekea majembe na mipira ya kumwagilia. Mlango wa mbao umerudishwa barabara, na kwenye komeo lake kufuli la shaba, nene, limefungwa.

Fundi alilijua. Angeshindwaje kulijua? Ndilo analouza yeye. Kuna kibao mbele ya kibanda chake cha kazi, kakiandika kwa mkono wake: HATA MIMI MWENYEWE SILIFUNGUI. Hakuna geti mtaa ule lisilo na kufuli lile. Limemsomeshea mtoto, limeezeka nyumba.

"Ufunguo uko wapi?" akamuuliza Redio.

"Ndani, kwenye msumari."

"Basi lifungue kwa mkono, Fundi," akasema Shangazi. "Wewe si bingwa?"

Jasho likamtoka. Msomaji, utanisaidia. Akilifungua kwa waya, mbele ya Redio, kesho mtaa mzima utajua kwamba kufuli lisilofunguka linafunguka. Asipolifungua, kijana wa watu, na huenda mama yake mzazi aliyetoka kuugua, watabaki gizani.

Alipiga magoti, akatega sikio mlangoni. Na alichokisikia hakukitarajia.

Bibi alikuwa anacheka.

Si kile kicheko cha adabu cha kumridhisha mgeni. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anapumzika, anaanza tena. Tangu augue, Bibi hakuwa amecheka. Daktari alikuja, majirani walikuja na vichekesho vyao vyote, mwanawe alijaribu hata kucheza dansi mbele ya kitanda, hakupata hata tabasamu. Fundi alifurahi. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia vumbi.

"Mama!" akaita. "Uko salama?"

Kicheko kikakatika. "Nani huyo anasumbua?"

"Ni mimi, mwanao! Umeingiaje humo?"

"Nilikuwa nakwenda msalani, nikaacha kapu chini ya shuka msije mkanisindikiza, nikakosea mlango. Nikamkuta kijana wa watu na keki. Nikasema nipumzishe miguu kidogo kwenye gunia. Mara wewe ukaja ukatufungia."

"Ulijua ni mimi?"

"Nikuzae nisikujue? Ulikuwa unapiga mluzi."

"Sasa mbona hamkuita?"

Sauti ya kijana ikasikika, ya adabu na ya woga. "Shikamoo, baba. Nilitaka kuita. Bibi alinikataza."

"Nilimkataza," Bibi akathibitisha. "Nilikuwa na maswali. Nje mngeniingilia. Nimemuuliza ukoo, nimemuuliza afya, nimemuuliza usiku akiwa kazini mke atabaki na nani. Akasema atanichukua mimi nikakae nao. Nikamwambia mimi nakoroma. Akasema vizuri, mwizi atadhani ni mbwa."

Na akaanza kucheka upya.

Shangazi alicheka. Ticha alicheka na kulia kwa pamoja. Fundi alibana midomo, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mama Ticha alisimama nyuma ya wote, mikono kifuani, hajacheka. Kumbuka hilo, msomaji, maana mimi sikulizingatia na nikajuta.

"Haya mama, tupe ufunguo. Upitishe chini ya mlango."

"Ufunguo ninao. Haupiti."

"Mama!"

"Unampokea kijana, au humpokei? Sisi huku hatuna haraka. Keki bado ipo."

"Huwezi kunilazimisha jambo la binti yangu kwa kujifungia stoo!"

"Nimejifungia mimi?"

Fundi akainuka. Alimtazama Ticha. Ticha alikuwa ameuma kucha kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akikaa chini ya meza ya baba yake kibandani, akisubiri amalize kazi amrudishe nyumbani. Fundi aliona kwamba kesho alfajiri kijana akiondoka, kucha hizo zitaliwa mpaka viganja. Na humo ndani kuna mtu aliyeweza kumchekesha mama yake.

"Nampokea," akasema.

"Sijasikia. Masikio yangu ni ya mgonjwa."

"NAMPOKEA, MAMA!"

Ufunguo ukateleza chini ya mlango. Redio akapiga makofi peke yake.

Mwokaji alitoka akiwa na unga kwenye nyusi na sahani mkononi. Keki ilikuwa imebaki robo. Bibi, aliyekuwa anabembelezwa kumaliza vijiko viwili vya uji, alikuwa na sukari mpaka kidevuni. Kijana akainama kumsalimia Fundi, na Fundi akampa mkono, akaukaza kidogo kumpima. Kijana hakuutoa. Mtu anayekanda unga kila usiku humtishi kwa kumminya mkono.

"Twendeni nyumbani sasa hivi," Bibi akaamuru. "Neno la posa halisemwi kati ya majembe. Lisemwe sebuleni, watu wamekaa kwenye viti, kabla kijana hajaondoka. Nje ya hapo mimi silihesabu."

"Hata mimi silihesabu," Shangazi akaunga mkono.

"Mimi natangulia nikaandae," akasema Mama Ticha. Akatabasamu, akapitia kapu mkekani, akaondoka kwa mwendo wa haraka.

Wengine walifuata kwa mwendo wa Bibi, wakikata mitaa ya nyumba zenye mageti ya bati na maua ya makopo. Kila geti walilopita lilikuwa na kufuli la shaba. Fundi alikuwa anayahesabu kimoyomoyo, ametulia, kifua mbele. Amempata mkwe, mama amecheka, na kibao chake bado kinasema kweli. Ni mara ngapi mtu anapata vyote mchana mmoja?

Wakafika. Geti la nyumba ya Fundi ni la nondo, unaona mpaka barazani. Lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kutoka ndani, na kwenye mnyororo lilining'inia kufuli la shaba, nene.

Barazani, Mama Ticha amekaa kwenye kiti. Chai imeshapangwa, vikombe vya wageni vimetolewa kabatini. Amekunja nne.

"Mke wangu, tufungulie," akasema Fundi.

"Wageni wangu, karibuni sana, chai tayari," akajibu Mama Ticha kwa ukarimu. "Sina ugomvi na nyie. Dada, wala na wewe sina. Lakini geti hili atalifungua baba Ticha."

"Nipe ufunguo basi!"

"Ufunguo ninao. Haupiti."

Bibi akaguna kwa kuridhika. Mkwe wake alikuwa amejifunza kitu pale stoo.

"Baba Ticha," akaendelea, na sasa sauti ilitetemeka, maana alikuwa ameumia kweli. "Tumeishi pamoja miaka yote hii. Najua mpaka jino linalokuuma wakati wa baridi. Leo bustanini ndiyo nasikia uliwahi kutaka kuoa kwingine, na nasikia mbele ya watu. Tena pale stoo, mama yako yumo gizani, nikakuona unamtazama Redio. Ulikuwa unaogopa kibao chako kitaumbuka. Nataka kujua. Kipi kizito kwako, kufuli lako au nyumba yako?"

Redio alikuwa amewafuata, bila shaka. Majirani nao wakaanza kuchungulia. Muuza mkaa alitoka. Fundi viatu alitoka. Mzee wa nyumba ya pembeni, ambaye alinunua makufuli ya mlango, ya geti na ya banda la kuku, alitoka na kiti kabisa.

Jua lilikuwa linateremka. Mwokaji alitazama saa, Ticha akaanza na kucha ya kidole gumba.

Fundi akakunja mikono ya shati.

"Nipeni pini."

Shangazi akachomoa ya kilemba chake. "Chukua."

"Pini ya huyo haigusi geti langu!" ikatoka sauti barazani.

Ticha akachomoa kibanio cha nywele zake, akamkabidhi baba yake. Fundi akapitisha mikono yote miwili katikati ya nondo, akalishika kufuli, akafumba macho. Akasukuma kidogo, akasikiliza, akazungusha.

Likafunguka. Halikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Haaa!" mtaa ukavuta pumzi.

"Samahani, mama Ticha," akasema Fundi, bado mikono imo kwenye nondo. "Nilipaswa kukwambia mwenyewe. Na ni nyumba. Nyumba ndiyo nzito."

Mama Ticha akanyanyuka, akaja, akautoa mnyororo kwa mkono wake, akauacha unaning'inia getini. Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Karibuni ndani," akasema. "Karibuni, posa isipoe na chai."

Akaingia Bibi, ameegemea bega la Mwokaji. Akaingia Shangazi. Akaingia Ticha, akambusu baba yake shavuni akipita. Fundi, mwenye nyumba mwema, alibaki nje ameshika geti, kufuli bado kiganjani, akiwapisha wageni mmoja mmoja.

Ndipo aliposikia milango ikifunguka nyuma yake. Akageuka. Muuza mkaa alikuwa anakuja na kufuli la shaba mkononi. Fundi viatu naye ana lake. Mzee wa pembeni ameacha kiti, amebeba matatu, na la banda la kuku bado lina manyoya. Upande wa juu, ambako Redio alikuwa ameshafika, geti baada ya geti lilikuwa linafunguka, na kila anayetoka hakuwa mikono mitupu.

"Fundi!" mzee akaita. "Hebu tusomee tena kile kibao chako!"

Fundi alitaka kuingia ndani haraka. Akarudisha geti, akazungusha mnyororo kwenye nondo, na mkono wake wenyewe, bila kumuuliza, ukafanya kazi yake.

Ka!

Alikuwa bado yuko nje.